Mlango wa Upande wa Kisimani

Siku mliyoniaga pale karakanani, kijana mmoja wenu aliniuliza kwa nini miaka yote nilikataa kijumba kibebwe bila udongo wake. Nikamjibu kwamba kila mzee anaruhusiwa kichaa kimoja, mkacheka, tukaendelea na pilau. Lilikuwa jibu la uvivu. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna mlango uliotakiwa kuelekea kisimani ukaja kuelekea gulioni. Sasa nimestaafu, nina muda mwingi kuliko ninavyojua kuutumia, nikaona afadhali nikae niandike.

Kwa ambao mmeingia kazini juzi, wakati wa makaratasi makubwa ya rangi ya samawati, niwaeleze kwanza kijumba ni nini. Zamani, kabla ofisi yetu ya ujenzi haijajenga darasa au zahanati kijijini, tulitengeneza mfano wake wa mti, mdogo wa kubebwa na watu wawili juu ya ubao. Paa lilikuwa linavuliwa kama kifuniko cha chungu. Wenye kijiji wanakaa kukizunguka, wanachungulia ndani, wanahamisha kuta na milango kwa mikono yao mpaka waridhike. Ndipo karatasi ichorwe. Watu wasiojua kusoma mchoro walijua kusoma kijumba, na kusema kweli hata baadhi yetu tuliojidai kusoma mchoro tulikuwa tunasubiri kijumba.

Mimi ni mtu wa Janga. Baba alilima mpunga na mihogo, na alitaka nilime mpunga na mihogo. Nilitoroka jembe nikapita Maili Moja, ambako siku hizo kulikuwa na duka, kisima na mbwa mkali, nikashika njia ya Kisarawe kwenda kuomba kazi kwa fundi seremala wa ofisi hiyo, aliyeitwa Kondo. Nilimkuta anapasha moto gundi ya mifupa, na harufu yake ilikuwa ya kumkimbiza mtu arudi kwao. Nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, akanitupia kipande cha msufi na kisu kidogo.

"Nichongee mtu," alisema.

Nikamwambia nimekuja kujifunza meza na milango.

"Nichongee mtu kwanza. Huyo atakayepita mlangoni."

Siku nzima nilichonga. Wa kwanza alifanana na mchi, wa pili na mhogo uliooza. Jioni nilipata mmoja mwenye kichwa na mabega, urefu wa kidole cha shahada, naye Fundi Kondo akamsimamisha kwenye mlango wa kijumba kilichokuwa mezani. Kichwa kiligonga kizingiti cha juu. Akaangalia mtu, akaangalia mlango, kisha akachukua tupa akaukwangua mlango. Mtu wangu hakuguswa, na hapo nikajua nimepata kazi.

Fundi Kondo hakuwa mwanachuoni wala hakujifanya mmoja. Alikuwa na desturi zake chache na alizishika kwa ukaidi. Ya kwanza, kijumba lazima kiwe na watu. Ya pili, kijumba kinapowekwa mbele za watu kikae vilevile nyumba itakavyokaa, upande kwa upande, ili mtu akisema huku awe amesema huku kweli. Na ili hilo lisipotee, kwenye ukingo wa ubao alichomeka kijiti cha mpingo upande wa kibla. Ukikuta kijumba chake popote, unageuza ubao mpaka kijiti kielekee kibla, basi umeshajua jua litatokea wapi na mvua itapiga wapi. Kwa watu wa huku kwetu hilo halikuhitaji maelezo. Mtoto wa madrasa anajua kibla kabla hajajua jina la babu yake.

Kwa njia hiyo tulijenga vizuri. Kwa ajili ya darasa la Janga, wazazi walikizunguka kijumba asubuhi nzima, wakahamisha madirisha yote kwenda upande usiopigwa na mvua ya masika, na mzee mmoja akasisitiza tuchonge mbuzi wake maana naye atapita hapo apende mwalimu asipende. Tukamchonga. Injinia wetu wa wakati huo alifurahia mambo hayo. Watu walimwita Bwana Dira kwa sababu ya dira iliyoning'inia mkandani mwake. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilitosha kwa maji, barabara na salamu. Kila tulipoweka kijumba, aliweka dira yake mezani kando ya ubao, akasoma, akaandika veranda inaelekea wapi na mlango unaelekea wapi. Alikuwa amefundishwa na Fundi Kondo mwenyewe kwamba kijumba hukaa kama nyumba itakavyokaa, naye akaliamini neno hilo moja kwa moja. Juu ya kijiti alikuwa bado hajauliza, nasi hatukuwahi kumwambia. Nani angekwenda kumweleza mtu mzima kibla kiko wapi?

Sasa nije kwenye zahanati.

Ilikuwa ijengwe katika kijiji kimoja upande wa Msimbu. Jina nitaliacha, kwa sababu wajukuu wa waliohusika wapo na hawana kosa. Mimi nina damu huko, maana dada yangu Mwajuma aliolewa hapo. Kiwanja kilikuwa peupe juu ya mteremko. Upande wa kusini kuna gulio, na wanaume wanakaa hapo na kahawa yao hata siku ambayo gulio halipo. Upande wa kaskazini, ndio wa kibla, njia inashuka kati ya mikorosho mpaka kisimani, na njia hiyo ni ya wanawake. Zahanati iliahidiwa chumba cha kuzalia, kitu ambacho vijiji vya jirani havikuwa nacho.

Wanaume walikaa na kijumba kwanza, barazani kwa jumbe, wakataka veranda ya wagonjwa ielekee gulioni. Tukaiweka. Siku iliyofuata Fundi Kondo akasema kijumba kiende kwa wanawake. Jumbe alicheka, lakini hakukataza. Tukakipeleka uani kwa Bibi Tatu, mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitisha watu kutoka bonde la pili. Tulikuwa tumebeba na debe la udongo wa kiwanjani, tukaumwaga chini, tukachora gulio kwa majivu na kisima kwa kifuu, tukaweka kijumba katikati, kijiti kibla. Halafu Fundi Kondo akanivuta tukakae nje ya ua, tusubiri kuitwa.

Tulisikia vicheko, kisha kunong'ona. Tulipoitwa, tulikuta wameziba mlango wa chumba cha kuzalia tuliouweka upande wa veranda kwa donge la udongo. Mwajuma ndiye aliyekuwa ameshika mmoja wa watu wetu wa msufi, mwanamke. Alikuwa mwari wa juzi tu wakati ule, hajapata mtoto. Alimtoa kifuuni, akampandisha njia ya kisimani polepole, akamsimamisha kwenye ukuta wa nyuma, akaniangalia.

"Hapa, kaka. Tobo hapa."

Bibi Tatu akaeleza. "Mwanamke akishikwa na uchungu hatembezwi mbele ya wanaume wanaokunywa kahawa. Hata akifa hatembezwi. Mkitaka tuje kwenye nyumba yenu, tupeni mlango wa kisimani. Mwanamke akionekana kule, ataonekana anakwenda kuteka maji. Na mlango uwe na komeo la ndani. La ndani, Kondo, si kufuli la nje."

"La ndani," Fundi Kondo alisema.

Nilitoboa ukuta pale pale, mbele yao, kwa patasi. Mwajuma akampitisha yule mwanamke, akamlaza ndani, na wanawake wakapiga vigelegele. Katika kazi yangu yote nimepewa shukrani nyingi za maneno, lakini hizo za uani kwa Bibi Tatu ndizo ninazozikumbuka.

Kikao cha tatu kilikuwa cha Bwana Dira kuja kuona na kuandika. Mimi sikuwepo, nilikuwa Janga nikifunga fremu za darasa. Yaliyotokea nilisimuliwa na Fundi Kondo mwenyewe baadaye, na alinisimulia zaidi ya mara moja, kila mara kwa maneno yaleyale.

Kikao kilifanywa barazani kwa jumbe. Debe la udongo liliachwa uani kwa Bibi Tatu kwa kuwa baraza lilikuwa limefagiwa kwa ajili ya mgeni na jumbe hakutaka vumbi. Fundi Kondo akaweka kijumba mezani, kijiti kibla, kama kawaida. Bwana Dira akakaribishwa kiti kizuri, na kiti kizuri kilikuwa upande wa kaskazini wa meza, penye kivuli. Jumbe akaangalia, akaona mgeni wake ameonyeshwa nyuma ya nyumba. Tena si nyuma tu, ni mlango wa wazazi. Mtu mwenye adabu hawezi kumkalisha mgeni hivyo. Basi akashika ubao kwa mikono miwili, akaugeuza taratibu mpaka veranda ikamtazama Bwana, akasema, "Karibu, Bwana, hii ndiyo nyumba yako."

Wazee wote waliona. Kila mmoja aliona kijiti kimeelekea kusini, na kila mmoja akaigeuza nyumba kichwani mwake, kimya kimya, ikakaa sawa, akaendelea kunywa chai. Waliona jumbe amefanya jambo la heshima. Bwana Dira naye akaweka dira yake kando ya ubao, akasoma, akaandika. Akagusa mlango wa nyuma kwa kalamu.

"Huu ni mlango wa wanawake?"

"Ndiyo, Bwana."

"Nyote mmekubali?"

"Tumekubali, Bwana."

Hakuna aliyesema uongo. Bwana akaulizia na kile kijiti, kwa kukionyesha tu na kuinua mkono juu, kama mtu anayepandisha kitu. Wazee wakadhani anauliza kama huko juu ndiko kwa Mungu, wakaona mgeni ni mtu wa dini, wakaitikia kwa furaha. Akaandika mlingoti wa bendera.

Fundi Kondo alitaka kusema. Lakini kuugeuza ubao tena mbele za watu kulikuwa ni kumwambia jumbe, nyumbani kwake, kwamba hajui anachofanya. Akaamua atamfuata Bwana garini wakiagana. Wingu likatanda, dereva akaogopa mto kujaa, gari likaondoka Fundi Kondo akiwa bado anafunga kijumba kwenye shuka. Akajituliza kwamba Bwana amekiona kijiti, na mtu akishakiona kijiti ameona yote.

Baada ya hapo tulikwama Janga msimu mzima. Zahanati ilijengwa na waashi wengine chini ya msimamizi aliyetoka mjini na karatasi yake. Sisi tulitakiwa kuleta milango tu. Tulitengeneza ule wa chumba cha kuzalia kwa mninga, na komeo lake Fundi Kondo alilichonga mwenyewe, akalipiga msasa mpaka likawa linateleza kwa kidole kimoja. Alisema mwanamke mwenye uchungu hana nguvu za kupigana na komeo.

Tulifika na milango begani kwa kupitia kisimani, kwani njia hiyo ni fupi. Tukapanda kati ya mikorosho tukakutana na veranda. Ilikuwa imesimama hapo, nzuri, imepakwa chokaa, inatazama kisima na vyura. Fundi Kondo aliuegemeza mlango kwenye mkorosho akaizunguka nyumba. Nilimfuata. Upande wa gulio tulikuta tobo la mlango wa wazazi, na hatua chache mbele yake mlingoti wa bendera, na chini ya mlingoti wanaume wanakunywa kahawa. Walitusalimu vizuri sana.

Msimamizi alitandaza karatasi yake, na kila kitu kilikuwa kama ilivyoandikwa. Wanakijiji walikuwa wameona kuta zinavyopanda, wakaambiana kwamba Serikali imebadilisha mawazo, na jumbe hakutaka kuonekana anabishana na Serikali. Bibi Tatu peke yake ndiye aliyekuwa amekwenda kugomba, waashi wakamwambia wao wanajenga karatasi. Alipotuona alikuja moja kwa moja, hakusubiri salamu.

"Kondo, mliniuliza ili iweje?"

Nimeona watu wakitukanwa kazini, nami nimetukanwa vya kutosha, lakini sijaona neno likimwingia mtu kama lile.

Alikwenda Kisarawe akamweleza Bwana Dira yote, na kijumba akakibeba kama ushahidi. Bwana alishika kijiti kwa vidole viwili, akauliza, "Kibla?" Akaomba radhi, na nadhani aliumia kweli. Akasema kuta na paa zimeshakamilika, ila akirudi kutoka likizo kwao atatoboa mlango mpya upande wa kisimani. Alikwenda likizo, akahamishiwa koloni nyingine. Aliyefuata alipenda karatasi, na vijumba aliviita michezo ya watoto. Tukauning'iniza mlango wa mninga upande wa gulio.

Wanawake hawakukaa bure. Walijenga ua wa makuti kutoka kwenye ile njia, ukaizunguka nyumba, ukafika mlangoni, mwanamke apite bila kuonekana. Ulikuwa ua mzuri. Lakini ulificha mlingoti, na mkubwa mmoja alipopita akasema bendera haiwezi kusimama nyuma ya makuti. Askari wakaung'oa.

Mwajuma alishikwa na uchungu siku ya gulio. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na Bibi Tatu alijua mapema kwamba jambo hilo limezidi mikono yake. Alimwambia apelekwe zahanati, kwa dresa, mtabibu wa hapo. Ilikuwa ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Mwajuma alikataa kupitishwa gulioni. Bibi Tatu alimsihi, mumewe akamsihi, wakasema watamfunika kanga, watamzunguka wanawake kumi. Alisema gulio likiisha atakwenda. Gulio likaisha jioni, wakambeba, akapita ule mlango, komeo likafungwa. Yeye alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia. Baada ya hapo hakupata mwingine.

Nasikitika, na sioni haya kusema kwamba nasikitika mpaka leo. Mtu ukitafuta wa kumlaumu humpati. Jumbe alimheshimu mgeni, wazee walimheshimu jumbe, Bwana Dira alikiheshimu kijumba. Mwajuma naye alijiheshimu.

Fundi Kondo hakutengeneza kijumba kingine. Akiombwa, alisema macho yamechoka, huku akitia uzi kwenye sindano bila shida. Siku moja tukiwa tunaranda mbao aliniambia, bila kutazamana nami, "Shomari, nilimsitiri jumbe. Nikamwanika dada yako." Nilimwambia yameshapita. Aliendelea kuranda ubao ule mpaka ukawa hauna kazi. Alipofariki, mkewe alinipa kopo lenye watu wake wa msufi na vijiti vya mpingo. Tangu hapo, nilipopata injinia wa kunivumilia, nilitengeneza vijumba kwa njia yake, na nikaongeza sharti moja ambalo mlilicheka: udongo wa kiwanja uende pamoja na kijumba, kila mahali, hata mezani kwa mkubwa, hata ukichafua shuka. Nyumba iliyozamishwa kwenye udongo wake, na kisima chake na gulio lake, haigeuzwi kwa adabu ya mtu. Basi, ndicho kichaa changu.

Niliyobakiwa nayo ni ya mwezi uliopita. Zahanati ile sasa ina dresa kijana, naye nilipomsimulia habari hii aliniombea ruhusa kwa wakubwa wake. Ikaja kwa urahisi ulionitia uchungu, maana kumbe ilikuwa inapatikana. Nilikwenda na patasi zangu na mwashi mmoja. Tulitoboa ukuta upande wa kisimani, pembeni mwa veranda inayotazama vyura, tukaziba tobo la gulioni. Mlango niliung'oa uleule wa mninga, nikaufunga hapo. Ulikuwa umepauka kwa jua, lakini komeo la Fundi Kondo bado lilikuwa linateleza kwa kidole kimoja. Mlingoti upo, bendera huwa inasahauliwa, na mtu alikuwa amefunga mbuzi hapo.

Mwajuma alikuja mchana tukifagia vumbi. Bibi Tatu alipofariki yeye ndiye aliyeshika ukunga wa kijiji, kwa hiyo alikuwa na kila haki ya kuja kukagua. Alikuwa ametoka kisimani, ndoo kichwani, nywele zake nyeupe zimelowa ukingoni mwa kanga. Alipanda ile njia polepole, akasimama mbele ya mlango.

"Umeupata, kaka," alisema.

"Nimeupata, dada. Nisamehe, mlango umechelewa."

Alitua ndoo, akaniomba nishike mkono wake wakati anavuka kizingiti, kisha akaniachia. Aliingia, akausukuma mlango nyuma yake. Nilisikia komeo likiingia mahali pake. Mwashi aliniangalia, akauliza kama agonge. Nikamwambia aache. Tukakaa kwenye veranda, tukasubiri.